Mabinti Zetu na Kazi za Ufundi: Kulirejea Jawabu Nililolikosea



Wasomaji wa waraka huu wamezoea kuona katika ukurasa huu majawabu ya maswali waletayo. Leo sikuletewa swali. Nimekuja kulirejea jawabu nililolitoa mwenyewe, baina ya Alasiri na Magharibi, mbele ya watu wa darsa, yapata miaka saba sasa. Jawabu lililotolewa hadharani halirejewi kwa kunong'ona, ndiyo sababu nikaomba nipewe ukurasa mzima.

Siku ile alikuja mzee mmoja katika wasikilizaji wetu, mtu mpole, mwenye binti aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Alama zake hazikumfikisha chuo kikuu, walakini zilimtosha kuingia chuo cha ufundi, na binti alitaka kujifunza umeme wa majumbani. Mzee akauliza: "Shekhe, yafaa?" Sikumuuliza chuo ki wapi, wala nani wafundishao, wala wasichana wangapi wako pale, wala binti mwenyewe ana sababu gani. Nilimwambia: "Ufundi wa mwanamke ni sindano. Mtafutie ushoni." Watu wakacheka, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikafurahi kuwa wamecheka.

Binti akapelekwa ushoni. Akapata cheti, akanunuliwa cherehani, akaolewa. Ramadhani iliyopita tulipokuwa tukigawa zaka katika ua wa msikiti nilimwona katika safu ya wanawake, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Ameachwa. Nilipomuuliza habari ya cherehani alinijibu kwa adabu: "Shekhe, niliiuza kwa kodi ya nyumba. Wala sikuwa na mkono nayo, nguo nilizoshona zilikuwa zikirudishwa." Hakunilaumu. Huenda hata hajui kuwa jawabu lile lilikuwa langu. Lakini babake ajua, na alikuwa amesimama karibu yangu.

Najua kuwa yaliyompata ni kadari, na kuwa pengine angejifunza umeme na bado angeachwa. Mimi siungami kadari, naungama ujinga. Mufti huulizwa dalili, na mimi siku ile sikuwa na dalili hata moja. Nilikuwa na mazoea ya mji tu, nikayavika kilemba nikayaita sharia.

Basi nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, kama ilivyonipasa kufanya kabla ya kufungua mdomo.

Katika Sura ya Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu athibitisha fungu la mwanamume katika chumo lake na fungu la mwanamke katika chumo lake, wala hakutaja kuwa chumo la huyu ni la nyundo na la yule ni la uzi. Bibi Zaynab binti Jahsh, mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa fundi wa mkono: akidabigha ngozi na kuzishona, na apatacho akakitoa sadaka. Kudabigha ngozi si kazi ya harufu nzuri wala ya mikono laini. Mke wa Abdullah bin Masud alikuwa ana mali yake, na mumewe maskini; alipouliza kama yamfaa kumpa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, akajibiwa kuwa ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Shifaa binti Abdillah alikuwa ajua kuandika katika zama ambazo waandishi walikuwa wachache, naye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa.

Na Asmaa binti Abubakar, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, asimulia maisha yake alipoolewa na Zubeir, ambaye hakuwa na kitu ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Alikuwa akimlisha farasi, akishona ndoo ya ngozi, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililokuwa mbali. Asema pia kuwa hakuwa hodari wa kuoka mkate, majirani wa Kiansari wakimwokea. Nawasihi wale wasemao kuwa mwanamke asiyejua jikoni si mwanamke waisome hadithi hii polepole.

Lakini hadithi iliyonikalisha kitako ni ya khalati yake Jabir, iliyopokewa na Muslim. Bibi huyu alikuwa ameachwa, naye yumo katika eda, akataka kutoka kwenda kukata tende zake. Mtu mmoja akamkemea kwa kutoka. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu aende akakate tende zake, huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Jina la yule mtu aliyemkemea halikuhifadhiwa. Nimeisomesha hadithi hii mara nyingi katika mlango wa eda, na kila mara nilikuwa nikishughulika na hukumu ya mwenye talaka kutoka mchana. Mwaka huu ndipo nilipomtazama yule mtu, nikajiona.

Tena wanazuoni wetu, na miongoni mwao Imamu Ghazali katika Ihyaa, wamesema kuwa kazi ambazo watu hawawezi kuishi bila ya hizo, kama ukulima na ususi wa nguo na ushoni, ni faradhi ya kutoshelezana: wakiziacha wote, wote wana dhambi. Ghazali alitaja hata mpiga chuku. Basi hebu tuutazame mji wetu kwa jicho hilo.

Bomba likipasuka jikoni saa nne asubuhi, mume yuko bandarini au dukani. Nani ataingia? Fundi bomba, mwanamume asiye maharimu, na mke yu peke yake na watoto wachanga. Fyuzi ikiungua, friji ikifa, pampu ya kisima ikigoma, huja mwanamume. Simu ya mkeo ikivunjika kioo, wampa kijana wa dukani pamoja na neno lake la siri, na ndani yake mna picha za harusi, za nywele, za mabinti waliovua buibui wakiwa chumbani kwao. Hukai hapo ukamtazama. Wamwambia utarudi jioni. Na nguo je? Ukipita katika mitaa ya mafundi cherehani Mombasa, waliokaa nyuma ya mashine wengi wao ni wanaume, na tepu ya kupimia iko shingoni mwao. Hata ile sindano niliyosema kuwa ni ya mwanamke, tumewaachia wanaume duka lake, na wanawake tumewaachia kutia vifungo.

Basi wenye kuogopa fitina ndio wangalikuwa wa kwanza kuwapeleka mabinti wakajifunze umeme na mabomba na simu. Mji ambao hauna mafundi wanawake ni mji ambao wanawake wake kila siku wahitaji wanaume wageni. Sikuliona jambo hili hata mara moja nilipokuwa nikilijibu lile swali kwa kucheka.

Wala tusiseme kuwa ufundi ni jambo geni kwetu Waislamu wa pwani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipotoa Sahifa mwaka 1930, na baadaye al-Islah mwaka 1932, aliwalaumu watu wa Mombasa kwa kulala hali wenzao wanasoma, na hakuwasahau wasichana. Mwaka 1951 kikaanza kupokea wanafunzi kile chuo cha ufundi cha Kiislamu tulichokiita MIOME, ambacho fedha zake zilitoka kwa Sultani wa Unguja, na Aga Khan, na Mabohora, na serikali ya wakati ule. Wazee wetu walijifunza pale umeme na mashine za vyombo vya bahari, wakapata kazi bandarini wakajenga majumba. Lakini chuo kile kilikusudiwa wavulana. Mwaka 1966 kikabadilishwa jina, mwaka 1972 kikawa Politeknik, na tangu mwaka 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na mlango wake u wazi kwa wote. Mlango uliobaki kufungwa ni wa nyumba zetu.

Nitajibu sasa yale ambayo najua yatasemwa, kwani yamekwisha kusemwa.

La kwanza ni kuchanganyika. Haya si maneno ya kupuuzwa, na mimi si katika wayapuuzao. Faragha iliyoharimishwa ni ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu mahali ambapo hawaonekani wala hawaingiliwi. Karakana yenye wanafunzi ishirini na milango miwili iliyo wazi si faragha hiyo. Lakini mwalimu amwambiaye msichana mmoja abaki nyuma afunge stoo pamoja naye, hiyo ndiyo yenyewe, na baba ana haki ya kwenda chuoni akasema hataki. Wapelekeni watatu au wanne pamoja, wa mtaa mmoja, watoke pamoja na kurudi pamoja. Ulizeni kama pana mwalimu mwanamke. Na kumdhalilisha mwanamke kazini kwa maneno au kwa mkono ni kosa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kabla hujamfikia kadhi, kwa hivyo anayefanyiwa asiambiwe anyamaze ili asiaibishe jamaa. Aibu ni ya mtendaji.

La pili ni mavazi. Nimeulizwa: binti atavaaje buibui mbele ya mashine izungukayo? Hatavaa. Buibui lenye mikono mipana na ushungi unaoning'inia mbele ya tezo la umeme ni hatari, na kujitia katika hatari kumekatazwa. Kilichofaradhishwa ni kusitiri mwili kwa kitu kisichoonyesha wala kisichobana, na buibui ni vazi moja katika mavazi yanayotimiza hayo. Ovaroli pana iliyofika kwenye vifundo, na kitambaa cha kichwa kilichokazwa na kuchomekwa ndani ya kola, kina sitara kuliko mabuibui mengi niyaonayo siku za Idi. Hapa sina haja ya kurefusha.

La tatu ni neno walipendalo wanaume: "Nafaka ni juu ya mume, yeye kazi ya nini?" Ni kweli, nafaka ni juu ya mume. Nendeni basi katika mahakama ya kadhi siku yoyote ya kazi mkatazame safu ya wanawake wanaodai nafaka hiyo. Haki iliyoandikwa kitabuni haiivishi ugali. Tena pana wajane, na wasioolewa, na wenye wazee wasiojiweza, kama wale mabinti wawili wa Madyani katika Sura ya Qasas waliokuwa wakichunga kondoo kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Watu husimama pale waliposema kuwa wao hujitenga mpaka wachungaji waondoke, na ni kweli kuwa hiyo ni haya. Lakini wakasahau kuwa kazi yenyewe walikuwa wakiifanya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata wale waliokubali kuwapeleka mabinti chuoni hulisahau. Wao hudhani cheti ndio mwisho. Nimezungumza na wasichana kadha waliopita katika vyuo hivi, nikawauliza imekuwaje, na walioniambia wote walifanana kwa jambo moja. Katika karakana mvulana hupewa koleo na bisibisi, na msichana hupewa daftari aandike vipimo kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Anapopelekwa mahali pa kazi kufanya mazoezi ya miezi mitatu, huambiwa akae ofisini apokee simu na apike chai. Siku ya mtihani wa ufundi mkono wake haujazoea chombo. Akifaulu daraja la 3 hubakia papo hapo, na wavulana waliokaa naye darasani hupanda la 2, kisha la 1, wakawa wasimamizi wenye watu chini yao. Halafu husemwa: "Si tuliwaambieni, wanawake hawawezi?"

Huu ni udanganyifu, na katika sharia ya mauzo tungeliuita kwa jina lake: umelipa karo ya ufundi, umepewa daftari. Wazazi wenye mabinti vyuoni wasiulize tu kama amefika darasani. Waulize leo mkono wake umegusa nini. Ametandaza waya mangapi? Ameunganisha bomba ngapi? Mkaguzi anapokuja, nani hushika chombo na nani husimama nyuma?

Na pana jambo zaidi. Miaka ambayo fundi hupanda daraja ndiyo miaka ambayo mwanamke huzaa. Sheria ya Ajira imempa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, lakini mafundi wetu wengi si waajiriwa. Ni wa kujitegemea au vibarua, na kibarua asiyekuja halipwi. Mtoto atakaa na nani? Nimesoma katika jedwali la nne la Katiba ya mwaka 2010 kuwa serikali za kaunti zimekabidhiwa, katika fungu moja, shule za chekechea, na politeknik za vijijini, na vituo vya ufundi wa nyumbani, na malezi ya watoto. Waliotunga waliyaweka mambo haya pamoja, bila shaka kwa kuwa ni jambo moja. Basi wakija waheshimiwa kuomba kura wakauliza mwataka nini, msiwaombe kila mara mabusati ya msikiti. Waombeni chumba cha kulelea watoto ubavuni mwa karakana. Na misikiti yetu nayo ina vyumba vya madrasa vilivyo vitupu tangu asubuhi hadi Alasiri.

Tena wako wanawake wenye ufundi na wasio na cheti: aliyejifunza friji kwa kumsaidia kakaye, au aliyerithi kazi ya rangi kwa babake. Siku hizi serikali ina utaratibu wa kumtahini mtu wa namna hii na kumpa cheti kwa ujuzi aliokwisha kuwa nao, bila ya kurudi chuoni. Wengi hawajui. Na wanaojua huona haya kwenda kutahiniwa pamoja na wanaume.

Na wale wa ushoni wasidhani nimewadharau. Ushoni ni kazi njema, iwapo mwenyewe aipenda na iwapo amefundishwa kazi nzima: kukata, kupima, kuhesabu gharama, kununua vitambaa kwa jumla na kumdai mteja. Mtazameni mama anayeshona kofia ya mkono, macho yake yakichoka kwa majuma, kisha dalali akampa fungu dogo na lililo kubwa akala yeye na mwenye duka. Hakukosa ufundi mama yule. Alikosa hesabu, na mtu wa kumfikisha sokoni.

Kuhusu ndoa nitasema kidogo tu, kwani najua patakuwa na maswali. Posa inapokuja kwa binti fundi, neno la kazi yake lisemwe mbele ya walii na wajumbe kabla ya mahari kutajwa. Wanazuoni wa madhihabu yetu ya Shafi hawalioni sharti kama hilo kuwa lamfunga mume katika hukumu. Wa Hanbali hulitia nguvu sharti lenye manufaa kwa mke. Lakini ahadi ni ahadi katika madhihabu yote, na mwanamume aliyesema "ataendelea na kazi yake" siku ya posa, kisha baada ya fungate akamfungia zana zake kabatini, amevunja ahadi na atasimama nayo mbele ya Mola wake. Na ujira wake ni mali yake. Mume akipewa ashukuru, asipopewa asichukue.

Nimebakisha jambo la zaka, ambalo ndilo lililonifanya niandike mwezi huu na si mwezi mwingine.

Kila mwaka twagawa unga, mchele, sukari na mafuta. Mwanamke hula mwezi mmoja, na mwaka wa pili yuko katika safu ile ile, na mwaka wa tatu amekuja na binti yake. Imamu Nawawi katika Majmuu, akieleza madhihabu yetu, asema kuwa fakiri mwenye kazi ya mkono hupewa katika zaka cha kumnunulia zana za kazi yake, thamani yake ikiwa ndogo au kubwa, ili aondokane na haja. Hakusema fakiri mwanamume. Hukumu hii twaisoma, twaisomesha, na katika ua wa msikiti twarudi kwenye vibaba.

Katika kikao cha kamati baada ya Ramadhani nililileta shauri hili. Pakawa na mjadala mrefu, na ndugu mmoja ninayemheshimu akasema kuwa tukiwapa wanawake zana wataziuza, kama ilivyouzwa cherehani ile. Nikamwambia kuwa cherehani ile ilikuwa zana ya kazi niliyoichagua mimi. Tumpe zana ya kazi aliyoichagua mwenyewe, kisha tuone. Hatukukubaliana siku ile. Siku ya pili tukakubaliana kwa wanawake watatu, kwa majaribio, karo na zana, na mama mmoja mtaani atawalea watoto asubuhi kwa ujira.

Nilikwenda kwa yule mzee nikabisha mlango. Nilimwambia mbele ya mkewe: "Jawabu nililokupa siku ile lilikuwa kosa, nami nimelirejea. Binti yako akitaka, nafasi yake ipo." Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia: "Shekhe, alitaka zamani. Sasa tumuulize tena." Akamwita.

Binti alipotoka na kuambiwa, hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza swali moja tu: ikiwa katika karakana ataruhusiwa kushika koleo mwenyewe.